Pazia Lililokwenda Upande

Kila jioni familia ya Fundi ilikwenda nyumbani bila kutoka chumbani.

Safari yenyewe ilianza hivi. Fundi alikuwa kwenye cherehani yake karibu na mlango, anamalizia pazia la mteja. Mkewe, Mama Sindano, alikuwa kitandani, kitambaa kimemzunguka pande zote, anashona vitanzi kwa mkono. Binti yao alikuwa sakafuni, anafanya kazi za shule. Halafu mmoja wao, yeyote yule, akasema:

"Funga mlango, upepo unaingia."

Basi. Hapo wote watatu wameshafika.

"Mlango gani?" binti aliuliza, ingawa alijua.

"Wa barazani," mama yake alijibu. "Na viatu viache hukohuko. Nimepiga deki sasa hivi."

"Mimi niko chumbani kwangu. Mtu akitaka kuingia apige hodi kwanza."

"Hodi," Fundi alisema, na mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani. "Mheshimiwa, naomba nichukue mkasi wangu."

"Subiri, baba. Navaa."

Wakacheka. Hakukuwa na baraza. Hakukuwa na chumba cha binti wala mlango wake. Kilikuwepo chumba kimoja cha kupanga, kimegawanywa na pazia katikati. Upande huu kitanda cha wazazi na cherehani. Upande ule godoro la mtoto na ndoo za maji. Dirisha lilikuwa moja, na lilitazama ukuta wa jirani. Ukinyoosha mkono unaugusa. Mchana kweupe walishona taa ikiwaka.

Huyo binti, Sindano, hilo halikuwa jina lake la shule. Baba yake alimwita hivyo kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu maswali yake yalichoma.

Mchezo wao wa kwenda nyumbani ulikuwa na sheria moja tu. Haikuruhusiwa kutaja ubaya. Ukisema paa linavuja, au jikoni kuna panya, unaosha vyombo wiki nzima. Aliyeitunga sheria hiyo ni Mama Sindano mwenyewe.

"Ubaya tunao wa kutosha humu," alisema. "Tukifika kule, tupumzike."

Ni sheria nzuri kwa nyumba ya hewani. Kwa nyumba ya matofali, utaona mwenyewe ilivyotaka kuwaponza.

Mama Sindano alikuwa ametundika mapazia katika nyumba nyingi za watu. Alizijua sebule za mji mzima. Kila alipomaliza kazi alishuka kwenye ngazi, akaliweka pazia vizuri kwa kiganja, kisha akasimama kidogo dirishani. Alitazama nje, kwenye bustani ya mtu, au kwenye kamba ya nguo ya mtu. Mwenye nyumba alipokohoa, alikunja ngazi yake akaondoka. Hakutamani sofa wala zulia. Alitamani kusimama kwenye dirisha lake, asikoholewe na mtu.

Kwa ajili ya dirisha hilo waliweka akiba benki miaka mingi. Walikuwa wameshona mapazia hadi vidole vikaota sugu. Sasa akiba ilitosha nyumba moja ndogo, na isingetosha nyingine kama hiyo ingewapotea.

Siku moja mteja aliwaambia kuna nyumba inauzwa mtaa wa pili. Jumapili alasiri, siku pekee ambayo cherehani ilipumzika, wakaenda kuitazama wote watatu.

Mwenye nyumba alikuwa mtu mpole, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. "Karibuni, karibuni sana," alisema mlangoni. Walipoingia sebuleni akasema tena karibuni. Jikoni, karibuni. Hata chooni alisimama pembeni akasema karibuni. Sindano akamnong'oneza baba yake, "Huyu ni Bwana Karibuni," na jina likamganda.

"Nyumba ya marehemu baba," Bwana Karibuni alieleza. "Nimekulia humu."

Sebule ilikuwa na dirisha pana, linatazama upande jua linakozama. Nje kulikuwa na mlimao. Jua lilipita kwenye majani yake, likaingia ndani, likalala sakafuni kama shuka mpya. Sindano alivua viatu bila kuambiwa, akaketi katikati ya mwanga huo. Mama Sindano alikwenda dirishani. Alisimama. Hakuna aliyekohoa.

Fundi alimtazama mkewe kwa nyuma, jinsi mabega yake yalivyoshuka na kutulia. Hakuwa amewahi kuyaona yametulia hivyo. Tangu dakika hiyo hakuiona nyumba tena. Alichokiona ni yale mabega.

Jumapili iliyofuata walirudi, alasiri ileile. Jumapili ya tatu walikwenda na pazia.

Ndiyo, pazia. Nyumba hawajainunua, lakini pazia wameshalishona. Chini ya godoro Mama Sindano alikuwa na kitambaa alichokitunza miaka, rangi ya maziwa, chenye majani madogo ya kijani. Mteja mmoja alikuwa amekikataa. Yeye alikihifadhi kwa ajili ya dirisha lake. Bwana Karibuni hakuwa na neno. "Jaribuni, jaribuni, jisikieni nyumbani."

Fundi alifunga bomba la pazia kwa skrubu. Alilipima kwa kile kipimo chenye kipovu cha maji, likawa sawasawa kabisa. Wakalitundika. Wakarudi nyuma kutazama.

Upande wa kushoto pazia liligusa sakafu. Upande wa kulia lilining'inia juu ya sakafu, kiganja kizima.

Fundi alipima bomba tena. Lilikuwa sawa. Alipima kitambaa. Kilikuwa sawa. Alikuna kichwa, kisha akatabasamu.

"Sakafu inakwenda upande kidogo," alisema. "Si kitu. Nitakunjua pindo, nilikate pazia lifuate sakafu. Litakaa, hutajua."

Haya ni makosa ambayo, nadhani, yangefanywa na mafundi wa mapazia peke yao. Mtu mwingine angeuliza sakafu ina nini. Wao kazi yao ni kulifanya dirisha baya lionekane zuri. Dirisha fupi hulirefusha. Dirisha jembamba hulipanua. Sakafu ikienda upande, pazia huenda nayo, mteja anafurahi, maisha yanaendelea.

Pembeni mwa dirisha, upande uleule wa kulia, rangi ya ukuta ilikuwa mpya kuliko kwingine. Chini ya rangi hiyo kulikuwa na ufa. Ulipanda kwa ngazi ngazi kutoka kona ya chini hadi juu ya dirisha. Mama Sindano aliupitishia kidole. Kucha yake ikaingia.

"Mama," Sindano alisema, "ukuta una..."

"Vyombo," mama yake alimkatiza.

Mtoto akaziba mdomo kwa kiganja. Mama Sindano akalivuta pazia, ufa ukafunikwa. Ukutani pakabaki majani madogo ya kijani.

Walipokuwa wanaaga, Bwana Karibuni alikunja mikono kifuani. "Ndugu zangu, sipendi kuwaharakisha. Ila kuna mtu mwingine anaitaka. Leteni malipo ya awali Ijumaa, mkononi tu. Karatasi tutaandikiana baadaye. Sisi si watu wazima?"

"Tutaleta," Fundi alisema.

Pazia walirudi nalo, Fundi amelibeba begani ili akalikate nyumbani. Walitembea polepole, kila mtu amebeba vyumba vyake kichwani.

*

Jumatatu Mama Ramani alipita kuchukua mapazia yake.

Mama Ramani alikuwa jirani yao wa geti la pili. Alikuwa mkaguzi wa majengo wa halmashauri. Watu walimwita hivyo kwa sababu hakuweza kueleza kitu bila kukichora. Ukimuuliza duka la chumvi liko wapi, anachukua kijiti, anakuchorea mtaa mzima mchangani.

"Shikamoo, Mama Ramani," Sindano alisema.

"Marahaba, Sindano wangu. Umeongezeka urefu, unene bado." Akaingia, akatazama meza ya kukatia. Pazia la rangi ya maziwa lilikuwa limetandazwa pale. Pindo lake lilikuwa limeshakatwa. Kushoto lilikuwa fupi, kulia refu. Akaliinamia. "Fundi! Umeanza kunywa?"

"Kwa nini, mama?"

"Pazia la nani hili lililokwenda upande?"

"La kwetu," Mama Sindano alijibu. Aliona haya kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo mbele ya mtu wa nje.

Wakamweleza yote. Walimweleza mlimao, na lile jua linalolala sakafuni. Mama Ramani alisikiliza vizuri. Hata alitabasamu walipofika kwenye jua. Kisha akarudi kwenye pazia.

"Na hili mkato wake ndio huu?"

"Sakafu iko hivyo," Fundi alisema. "Nimeifuatisha tu."

"Iko hivyo kwa nini?"

Fundi akalitazama pindo alilolikata.

"Hakuna mwashi anayemwaga sakafu ikiwa imelala upande," Mama Ramani alisema. "Ilimwagwa ikiwa sawa. Halafu ikaondoka. Mimi ningependa kujua kama imeshamaliza kuondoka, au bado iko safarini." Alichukua chaki ya Fundi, akachora nyumba palepale mezani. "Kona hii inazama. Ukuta unavutwa. Ukuta ukivutwa, unapasuka, na mara nyingi unapasuka karibu na dirisha. Kuna ufa?"

Sindano alimtazama mama yake. Mama yake alitazama sindano mkononi.

"Upo," Mama Sindano alisema hatimaye. "Tuliufunika kwa pazia."

"Ehe. Mmekwenda pale mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Siku gani?"

"Jumapili. Alasiri."

"Zote tatu?" Mama Ramani akapiga kofi. "Jamani! Jumapili alasiri kila nyumba ni nzuri. Hata choo cha stendi kikipigwa na jua hilo kinapendeza!"

Fundi akacheka. Sindano akacheka. Mama Sindano hakucheka.

"Wewe una nyumba," alisema. Akachoma sindano kwenye kitambaa. "Ni rahisi mwenye nyumba kumwambia mpangaji asubiri. Mimi nimesubiri kwenye madirisha ya watu hadi magoti yameanza kuuma. Ijumaa mtu mwingine ataichukua."

Mama Ramani hakukasirika. Alivuta kigoda akakaa.

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Wala sikwambii usiinunue. Nataka tu ujue unanunua nini. Haya, hati mmeiona?"

"Alituonyesha nakala."

"Ina jina la nani?"

Fundi na mkewe wakatazamana. "Jina hatukusoma," Fundi alikiri. "Tuliangalia muhuri."

"Muhuri!" Mama Ramani akashika kichwa. "Mwanangu, muhuri hata kwenye mfuko wa unga upo. Sikilizeni. Mwombeni namba iliyo kwenye hiyo nakala, mwende nayo ofisi ya ardhi. Mnalipa ada ndogo, wanawaangalizia kwenye rejista. Watawaambia kiwanja ni cha nani, kama benki inakidai, na kama kina kesi. Hilo moja. Msitoe pesa mkononi kabla ya mkataba wa maandishi. Mkataba msomewe na mwanasheria wenu, si wa muuzaji. Na nyumba yenyewe tutakwenda kuiona pamoja, siku ya mvua."

"Mvua? Ya nini?" Sindano aliuliza.

"Siku ya mvua nyumba haiwezi kuficha kitu. Utaniazima gololi yako moja."

*

Usiku ule mvua ilinyesha, na asubuhi ilikuwa bado haijakata. Mama Ramani aligonga mlango na mwavuli. "Hii mvua ni yenu. Twendeni."

Sindano alikwenda shule, akaacha gololi yake ya bluu. Wengine watatu wakaenda mtaa wa pili.

Bwana Karibuni alishangaa kuwaona. "Karibuni... leo si siku ya kazi?"

Sebule ilikuwa na giza. Jua halikuwepo. Mlimao ulikuwa mti tu uliolowa. Mama Sindano alisimama mlangoni, akahisi kama amekuja nyumba isiyo yenyewe.

Mama Ramani aliweka gololi katikati ya sakafu. Gololi ilikaa kidogo, kama inafikiri. Kisha ikaanza kwenda. Ilikwenda yenyewe, taratibu, ikaongeza mwendo, ikagonga ukuta kwenye kona ya kulia chini ya dirisha. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote waliisikia.

Wakatoka nje kuzunguka. Juu ya kona ile mfereji wa paa ulikuwa umekatika. Maji yote ya paa yalimwagika mahali pamoja, yakachimba shimo, yakapotelea chini ya msingi.

"Yamekuwa yanamwagika hapa miaka," Mama Ramani alisema. "Yanakula udongo chini ya ukuta."

Jirani wa upande wa pili alikuwa akikinga maji kwenye ndoo. Alisikia, akasogea kwenye uzio. "Huo ufa wanaupaka rangi kila mwaka," alisema. "Na kila mwaka unarudi."

"Nyufa ni kitu cha kawaida, ndugu zangu," Bwana Karibuni alisema taratibu. Macho yake yalikuwa chini.

"Nyingine ni za kawaida," Mama Ramani alikubali. "Huu unatembea. Ukuta huu utatengenezwa, sisemi hautengenezeki. Lakini kona ichimbwe, msingi ujengwe upya. Hawa watajikuta wameinunua nyumba moja mara mbili."

Kesho yake Fundi na mkewe walikwenda ofisi ya ardhi. Walipanga foleni, wakalipa ada, wakasubiri kwenye benchi. Karani aliwaambia bila kuwazungusha. Nyumba ilikuwa bado kwa jina la marehemu baba yake Bwana Karibuni. Haijahamishwa kwa mtu yeyote. Mtu akifariki, mali yake ni ya warithi wote, hadi mirathi ipitishwe kisheria. Mmoja wao hawezi kuuza peke yake.

Ijumaa walikwenda kwake, mikono mitupu.

"Una ndugu wengine?" Fundi alimuuliza.

Bwana Karibuni aliketi kwenye ngazi ya baraza. Ghafla alionekana amechoka. "Nina dada mmoja. Yuko mbali. Nilitaka nimwambie nikishapata pesa. Angeelewa."

"Na asipoelewa?"

Bwana Karibuni aliutazama mlimao. Hakuwa mwizi yule mtu. Alikuwa na shida zake, akajidanganya mwenyewe kwanza, kisha akawakaribisha wengine ndani ya uongo wake. Lakini pesa yako ikishaingia humo, haitoki kirahisi kwa sababu aliyeichukua ni mpole.

Fundi alimvuta mkewe pembeni. Aliona anakaribia kulia, na roho ikamuuma. "Tunaweza kumsubiri huyo dada yake," alisema. "Tunaweza kuitengeneza kona polepole. Mimi nitashona hata usiku. Sema tu."

Mama Sindano aliingia sebuleni peke yake. Jua la alasiri lilikuwa limerudi, limelala palepale sakafuni, zuri vilevile. Alisimama dirishani. Alijua sasa kwamba chini ya miguu yake kuna mteremko, na akashangaa kwamba mwili wake ulikuwa ukiujua siku zote. Mguu wa kulia ulikuwa umebeba uzito zaidi.

"Baba Sindano," aliita, "nipe bisibisi."

Akapanda kwenye kiti, akafungua skrubu za bomba la pazia, moja moja. Alilia waziwazi, bila kuficha uso. Alipomaliza alimkabidhi mumewe bomba, akamshukuru Bwana Karibuni kwa ukarimu wake, wakaondoka.

*

Baada ya hapo hakuna aliyekwenda nyumbani. Jioni zilikuwa za cherehani tu. Mara moja Sindano alijaribu. "Funga mlango, upepo unaingia," alisema kwa sauti ndogo. Cherehani iliendelea kulia tu. Akarudi kwenye hesabu zake. Pazia la rangi ya maziwa lilirudi chini ya godoro.

Ndipo jioni moja, katikati ya pindo refu, Mama Sindano akasema bila kuinua kichwa:

"Funga mlango. Bawaba yake mbovu, ausukumaye asipotumia nguvu unabaki wazi."

Cherehani ikasimama.

"Vyombo!" Sindano alipiga kelele. "Mama ametaja ubaya! Wiki nzima!"

"Nitaosha," mama yake alisema. "Lakini kuanzia leo sheria ni nyingine. Kila mtu anataja ubaya mmoja wa nyumba, na dawa yake. Asiye na ubaya wa kutaja, huyo ndiye anaosha vyombo."

"Choo kiko nje," Fundi alisema haraka. Vyombo alivichukia tangu utoto. "Dawa, taa njiani na paa dogo la kukinga mvua."

"Chumba changu kina rangi mbaya," Sindano alisema. "Dawa, rangi nyingine."

"Rangi si ubaya."

"Hujaiona, baba."

Wakacheka tena, baada ya muda mrefu.

Waliendelea kuweka akiba, na waliendelea kutafuta. Sasa walikwenda kutazama nyumba asubuhi, na siku za kazi, na mvua ikinyesha. Walizungumza na majirani kabla ya kuzungumza bei. Gololi ya bluu ilikuwa daima mfukoni mwa Fundi. Nyumba moja ilikuwa nzuri sana, lakini rejista ikaonyesha benki inaidai. Nyingine ilikuwa na hati safi, ila nyuma ya ukuta kulikuwa na kiwanda cha kuchomelea vyuma, na Jumapili kilikuwa kimya. Waliziacha. Kila walipoacha moja, ilimuuma Mama Sindano, ila haikumuuma kama ile ya kwanza.

Halafu wakaiona ndogo. Ilikuwa imepakwa kijani kisichoeleweka. Choo kilikuwa nje. Mlango wa mbele ulikuwa na bawaba mbovu, na Sindano alipouona alimtazama mama yake kama mchawi. Dirisha la sebule lilitazama barabara na kamba ya nguo. Jua la alasiri halikuingia kabisa.

Fundi aliweka gololi sakafuni. Wakasubiri. Gololi ilikaa.

"Isukume," Mama Sindano alisema.

Sindano akaisukuma kidogo. Ikabingirika nusu ya chumba, ikasimama ilipochoka. Haikutafuta kona yoyote.

Mama Ramani alikuja siku ya mvua, akazunguka nyumba mara mbili, akagonga kuta, akapanda kuchungulia paa. "Bati mbili zibadilishwe," alisema. "Mengine ni ya kawaida." Akachora kwa kijiti mahali pa kupitisha maji. Ofisi ya ardhi ikathibitisha kwamba nyumba ni ya muuzaji na mkewe, haidaiwi, haina kesi. Wote wawili, mume na mke, walikuja kutia sahihi. Mwanasheria wa upande wa kina Fundi alisoma mkataba kwa sauti, kifungu baada ya kifungu, na Mama Sindano alimsimamisha kila asipoelewa. Alimsimamisha mara nyingi. Mwanasheria akawa anasimama mwenyewe kabla hajaambiwa. Malipo yalipita benki, risiti zikatunzwa.

Hati mpya ilipotoka, ilikuwa na majina mawili, la Fundi na la mkewe. Mama Sindano alilisoma jina lake polepole, lile kamili, ambalo siku hizi hakuna anayemwita kwalo. Kisha akalisoma tena. Safari hii hakuangalia muhuri.

Siku ya kuhamia walibeba cherehani kwanza. Godoro lilipoinuliwa, pazia likatoka. Fundi alifunga bomba, akalipima kwa kipovu cha maji, wakalitundika.

Kulia liligusa sakafu na kujikunja. Kushoto lilining'inia juu.

"Mama," Sindano alisema, "pazia limekwenda upande."

"Nipe," Fundi alisema na kuchukua mkasi. "Nalinyoosha sasa hivi."

"Liache," Mama Sindano alisema. "Heri pazia kuliko sakafu."

Alisimama dirishani kwake. Nje palikuwa na barabara, na baiskeli inapita, na shuka za jirani kwenye kamba zinapepea. Hapakuwa na mlimao wala jua la dhahabu. Alitazama muda mrefu. Nyuma yake mumewe alikuwa anasogeza meza, binti anafungua na kufunga maboksi, na hakuna aliyemkoholea. Pazia likapepea likamgusa mkono. Akasema kwa mazoea, bila kugeuka:

"Funga mlango, upepo unaingia."

"Mlango gani?" Sindano alijibu, naye kwa mazoea.

Kisha wote watatu wakageuka kuutazama mlango.

Sindano akaweka boksi chini. Akapita sebuleni, akafika mlangoni. Baba yake alikuwa bado hajaitengeneza bawaba. Ilibidi ausukume kwa bega, mara ya kwanza, mara ya pili. Ukafunga. Upepo ukabaki nje.